Mutinda Hakuwa na Mke

Ujerumani,
Jumatano, baada ya zamu

Kwa ndugu yangu Kyalo,

Pokea salamu kabla sijaanza kukugombeza, maana nikianza sitakumbuka kusalimu. Hujambo? Mama hajambo? Mgongo wake unampa nafasi ya kulala? Mvua imefika Katelembo, au bado mnatazama mawingu yakipita kwenda kunyeshea wengine? Yule ng'ombe mweusi amezaa? Mimi mwili ni mzima. Hasira ndizo tele.

Barua hii inakuja na mwenzangu wa kazi anayeenda likizo kwao Mlolongo. Akikupigia simu, nenda umpokee stejini, usimwache mtu wa watu asimame juani. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu ujumbe wa sauti ukizidi dakika moja husikilizi, na nikikuandikia kwenye simu unajibu kwa kidole gumba, "Niko sawa." Kila siku niko sawa, niko sawa. Nyumba ingekuwa inaungua ungejibu niko sawa. Basi hii huwezi kuijibu kwa kidole. Isome mpaka mwisho, na kabla hujaufikia huo mwisho, usimpe mtu ile kompyuta ya mapajani niliyokutumia.

Ujumbe wako nimeusoma mpaka nimeukariri: "Sista, hii mchezo tuwachane nayo. Kompyuta nitapea mwalimu wa chuo cha ufundi, atakuja kuichukua mwisho wa mwezi. Asante kwa yote." Asante kwa yote! Kyalo, hayo ni maneno ya mgeni wa heshima akifunga harambee. Mtu anamwambia hivyo dada yake? Nilikuwa kazini niliposoma, namlisha bibi mmoja uji, nikabaki nimeshika kijiko hewani mpaka bibi akafunga mdomo na kunitazama.

Sasa, kama ni mchezo wenyewe uliokuchosha, hapo sina la kukulaumu. Huu mchezo mpya wa Ngome umenikera mpaka basi. Jana nilimweleza Neema, yule Mtanzania ninayeishi naye, jinsi Ngome ilivyokuwa zamani, akasema nazungumza kama mtu aliyeporwa shamba. Nikamwambia ndiyo, tumeporwa.

Unakumbuka Ngome ya kwanza, pale kwenye saiba ya mjomba Muli, lile duka lake la kompyuta na intaneti, Machakos mjini? Mashine ile ya mwisho ukutani, isiyo na intaneti, ambayo hakuna mteja aliyeitaka. Jumamosi tukishamsaidia mama kuuza mboga za sukuma sokoni tunakimbilia huko, na kabla mashine haijawaka tumeshaanza kugombania kiti. Mpaka siku ile mjomba alipochoka akatukatia hukumu: "Mmoja ashike kibodi, mwingine ashike kipanya. Mkishindwa hiyo, nyote nje." Wewe ulikuwa umekaa kushoto, ukawa Miguu. Mimi nilikuwa kulia, nikawa Mkono. Ulitembea wewe, nikapiga mimi. Neema hakuamini. "Mtu mmoja mnamchezaje watu wawili?" Nikamwambia ndivyo tulivyojua, hatukuwahi kusikia kwamba kuna namna nyingine.

Na yule askari alikuwa askari. Hakuwa na sura, ulichoona ni mkono wake na bunduki pale chini ya skrini. Hakuwa na jina, tukampa sisi, Mutinda, yule aliyekawia, kwa sababu kila Jumamosi saiba ilifungwa kabla hajamaliza chumba. Hakusema neno. Aliteremka kwenye mgodi wa chumvi peke yake, watu wa chumvi wakimjia na macho yao meupe, naye akikimbia bila kuhema. Ukisikia mlio kama jiwe la kusagia likiburutwa, ulijua kuna mmoja nyuma ya mlango. Tulijua kwa masikio kabla ya macho. Na mkipotea, mmepotea. Likizo nzima ya Agosti tulikwama kwenye kile chumba cha mapipa, na wewe, Kyalo, ukazunguka ukiupapasa ukuta jiwe kwa jiwe, kidole kikibonyeza kitufe cha kufungua, mpaka jiwe moja likalia kwaa na ukuta ukasogea. Ulipiga kelele mpaka mteja aliyekuwa anachapa barua ya kazi akakosea. Furaha ile sijaipata tena katika mchezo wowote.

Ya pili ilikuwa nzuri pia, ingawa walimtoa Mutinda mgodini wakamwachia uwanja mpana wenye mvua, na mashine ya mjomba ilipiga hatua moja, ikapumzika, ndipo ikapiga ya pili. Ya tatu ilikuwa giza tupu. Tuliicheza mchana, dirisha wazi, jua la Machakos likituchoma shingo, na bado ulikuwa umeng'ang'ania kwapa la sweta yangu. Usikatae. Ya nne hatukuiona, mjomba alikuwa ameshafunga saiba na kuanza kuuza simu.

Halafu ndiyo hii ya tano waliyotuletea baada ya miaka yote hiyo. Kyalo, ni nani aliyempa Mutinda mke? Mutinda hakuwa na mke! Sasa ana mke, ana mtoto, ana jina la Kizungu, na anaongea. Anaongea akipanda ngazi, anaongea akiteremka, akiokota risasi anatoa maoni. Ukishafika mahali pa kutisha, picha inageuka sinema, anamkumbuka mke wake akifua nguo uani, na huwezi kuruka, lazima umalize kufua naye. Watu wa chumvi wamesimama pembeni wanangoja, wenye adabu kama wako kwenye foleni ya hospitali. Akipigwa risasi hatafuti tena dawa. Anajificha nyuma ya jiwe, anahesabu pumzi, damu inarudi yenyewe. Na ule mshale wa dhahabu unaokuonyesha njia kila upande unaogeukia! Hakuna kupotea, kwa hiyo hakuna kupata. Ukuta wa kupapasa haupo. Badala yake wameweka duka, ukitaka bunduki yako ivae rangi ya waridi. Na kila Jumapili nikifungua, kwanza ningoje kipande kingine cha mchezo kipakuliwe, na wewe huko umesimama kando ya tangi la maji ambapo netiweki inashika, bando linayeyuka.

Lakini yote hayo ningeyavumilia. Kilichoniudhi hasa ni kwamba walitupa Mutinda wawili, mmoja wako na mmoja wangu. Mimi mkono wangu wa kushoto haujui kutembea! Niligonga ukuta, nikazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, nikatumbukia kila shimo waliloliweka na mengine nadhani hayakuwa mashimo. Wewe nawe ulitembea vizuri kama bwana harusi, ukiona adui unapiga dari. Ndipo ukasema, "Sista, wacha nikuendeshe na mdomo. Mimi nasema, wewe unafinya." Tukaanza kuongozana kwa Kikamba kama tulivyokuwa tukinong'onezana kwa mjomba. Semba, nakimbia. Ungama, nasimama. Syoka, narudi nyuma. Nami nakuambia wapi pa kulenga. Tulikuwa tunakufa, lakini tulikuwa tunakufa kwa mpango.

Na tena kuhusu kufa, mama amenisamehe? Kila nikikumbuka ile Jumapili nacheka peke yangu, Neema ananiuliza nimeona nini. Wewe unapaza sauti pale kwenye tangi, "Mutheu amekufa! Amekufa tena!" na mama yuko jikoni. Nilimsikia kwenye simu yako, "Ngai! Nani amekufa? Mutheu wangu?" Ndoo ikaanguka. Na kabla hujamweleza ni mchezo, Mama Ndunge amepita kwenye ua, amesikia, ameita jumuiya nzima, nami huku Ujerumani nasikia wimbo wa maziko yangu ukikaribia. Ulilazimika kunipigia kwa picha ili wanione napumua, na Mama Ndunge bado akataka niinue mkono kwanza. Ndipo mama akapiga marufuku neno kufa siku ya Bwana, tukaanza kusema "nimelala."

Nakukumbusha haya makusudi. Huku, Kyalo, wazee ninaowahudumia huita kila muuguzi "dada" kwa lugha yao. Ndiyo desturi yao, wala si dharau. Kutwa nzima naitwa dada na watu wasiojua jina langu. Mmoja anataka maji, mwingine anataka dirisha lifungwe, mwingine anataka mama yake ambaye alishazikwa zamani. Ninawapenda, kazi si mbaya, nisidanganye. Lakini Jumapili mchana nilikuwa naitwa sista na mwenye haki ya kuniita hivyo. Tangu tumzike baba, hiyo ndiyo saa pekee ambayo wewe unaongea. Simu ya kawaida unanipa "niko sawa" na bei ya mahindi. Kwenye mchezo, katikati ya risasi, unaniambia tangi linavuja, unaniambia ulimwota baba, unaniambia Mwikali amekukataa na huku unacheka. Kwa hiyo usiniambie eti unampa mwalimu kompyuta. Unampa mwalimu ile saa yetu, na mimi sikuulizwa.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile ya mwisho.

Tulikuwa kwenye daraja la bomba, mimi mbele, wewe nyuma yangu unanilinda kwa kupiga dari. Nikakuambia, vile tu kama habari, kwamba msimamizi wangu ameniomba nibaki miaka mingine miwili, na kwamba nafikiri nitakubali. Nikasema, "Uko?" Ukasema, "Niko." Nikasema, "Basi niambie, niende wapi, huku mbele kuna giza." Ukakaa kimya mpaka nikadhani netiweki imekata. Halafu ukasema, "Syoka."

Nikabonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Mutinda wangu akapiga hatua moja kinyumenyume akatumbukia kwenye maji ya chumvi, na mimi nikacheka sana. "Umeniua, Miguu!" Wewe hukucheka. Ulisema tu, "Haya, sawa. Si ni mchezo." Mutinda wako akabaki amesimama darajani hajisogezi, kisha jina lako likazima. Niliilaani netiweki, nikamlaani yule mke anayefua, nikaenda kupika.

Baada ya siku chache ndiyo ukanitumia ule ujumbe wa harambee. Nami nikakasirika, tena nikakaa na hasira yangu vizuri kabisa, mpaka jana.

Jana nilimwomba Neema anisaidie, awe Miguu, niuone tu huo mwisho wa daraja. Nikamfundisha maneno. Semba akalishika, ungama akalishika. Tulipofika kwa syoka akauliza, "Hilo maana yake nini hasa?"

Nikasema, "Kurudi."

"Kurudi nyuma, au kurudi nyumbani?"

"Yote mawili," nikamwambia. "Kwetu ni neno moja."

Kyalo, nilikuwa nimeshika kipanya. Nilikiweka chini. Neema akaniuliza kama nimeumia mahali, nami nilikuwa narudia ile Jumapili kichwani, daraja, ile miaka miwili, kimya chako, na lile neno moja ulilolitoa kama mtu anayetema jino. Hapo mbele yangu hapakuwa na shimo. Shimo lilikuwa nyuma. Wewe uliyeniendesha kwa mdomo wiki nenda wiki rudi hujawahi kunitumbukiza, hata mara moja. Ungeniambia nirudi nyuma kwa sababu gani?

Nimekasirika na sasa najua nimekasirikia nini. Kwa nini ukanihifadhia neno kama hilo ukaenda kulitoa katikati ya mchezo? Wewe ambaye hujawahi kuniomba kitu. Hukuomba viatu, hukuomba karo, baba alipougua hukuomba nije, ulisema mko sawa. Ulipewa jina la Kyalo, safari, na ndiye uliyebaki nyumbani na jembe na mgongo wa mama, mimi nikapanda ndege. Siku unayoniomba, unaniomba kwa neno ambalo tulikuwa tumelitumia kwa askari wa kwenye skrini tangu tukiwa na meno ya utoto. Ningejuaje? Halafu nikikosea unanyamaza, unagawa kompyuta, unaniambia asante kwa yote. Unaniudhi, Kyalo. Unaniudhi na ninakukumbuka mpaka ninashindwa kula.

Nisikilize sasa. Msimamizi anataka jibu Jumatatu. Sijamjibu. Mwenzangu anatua Ijumaa, kwa hiyo Jumamosi barua hii utakuwa umeisoma, na kama hujamaliza kusoma ujue nakuona.

Jumapili usiwashe mchezo. Nenda pale kwenye tangi unipigie simu ya kawaida. Kama siku ile ulikuwa unamwambia Mutinda, sema ulikuwa unamwambia Mutinda, na nitakuamini. Nitakubali ile miaka miwili, na mwalimu aichukue kompyuta, vijana wake waifaidi. Lakini kama ulikuwa unaniambia mimi, basi liseme tena, na safari hii utangulize jina langu ili nijue ni mimi. Usinieleze habari za shamba. Usinitajie mama, usimtumie mama kama sababu, mama akinihitaji atanipigia mwenyewe na atapiga kelele. Sema jina langu, useme na lile neno, basi. Hayo mawili yananitosha, na Jumatatu nitamwambia msimamizi hapana.

Na ukisema "niko sawa" nitakata simu.

Nisalimie mama yetu, umwambie dawa ya mgongo iko kwenye huo mfuko pamoja na soksi, na soksi ni zake, asimpe mchungaji wa mbuzi. Nisalimie mjomba Muli wa simu, mwambie hukumu yake bado inatuhangaisha. Nisalimie shangazi Mbithe wa Kithyoko akija sokoni. Mama Ndunge jirani mwambie ninapumua. Mwikali usimsalimie, amekukataa.

Wasalaam. Ni mimi dada yako, niliyekutangulia kuzaliwa nikachelewa kukusikia,

Mutheu